Homa Iliyokuja kwa Hesabu

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe amehamia kwetu leo. Sanduku moja, mto wake mwenyewe, daftari la hesabu la miraba. Mume wangu, fundi wa friji, kamleta kwa gari lake la kazi. Bi mkubwa alikaa mbele, mgongo wima, mitungi ya gesi ikigongana nyuma – kama mkaguzi wa shule aliyepewa usafiri usiolingana na cheo chake.

Amekonda. Hii ni wiki ya tano ya homa. Inakuja, inakaa siku moja, inaondoka. Ikishaondoka anafua, anapiga pasi, anabishana na redio. Zahanati ya jirani na kwake wamempa dawa ya malaria mara tatu. Mara ya tatu aliwauliza: kama ni malaria, mbona dawa haibadilishi chochote? Wakamwambia apumzike.

Amefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Hajawahi kunipenda sana, wala hajawahi kunivunjia heshima. Kwa majirani zake huniita yule mke wa mwanangu anayechungulia mikojo ya watu. Siwezi kusema ni uongo. Niko maabara ya hospitali mwaka wa kumi na saba sasa, na mikojo nimeichungulia.

Jioni kanifungulia daftari. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake nikalisogeza kwenye taa. Siku chini, joto la mwili pembeni, nukta kwa kalamu nyekundu, mistari kwa rula. Vilima tisa, vimeachana sawasawa kama nguzo za umeme. Siku nne, siku nne, siku nne. Akaweka kidole kwenye mraba mtupu wa Jumanne.

Hapa, akasema. Baada ya adhuhuri.

Jumanne, 12 Machi

Saa nane mchana binti yetu kapiga simu kazini. Bibi anatetemeka hadi kitanda kinalia. Saa nane!

Nilikwenda nyumbani, nikamtoboa kidole mwenyewe, nikarudi maabara na tone la damu kwenye kioo. Nimetazama sehemu mia mbili za kioo kile. Hakuna mdudu wa malaria. Hata mmoja. Chembe nyekundu safi, duara, zimetulia – na mwenye damu yuko nyumbani meno yanagongana.

Nilipomvua soksi niliona kingine. Madoa ya waridi kwenye miundi, mengine yana kitone cha zambarau katikati. Yanauma yakiguswa. Anasema huja na homa na kufifia nayo. Na maumivu ya viungo yanahama: juzi goti, jana kiwiko, leo kifundo cha mkono wa kulia. Mkono wa chaki.

Jumatano, 13 Machi

Nimempeleka kwa daktari wa wodi ya wanawake. Tunamwita Daktari Polepole – si kwa kumsengenya. Hajawahi kuonekana akikimbia, na wagonjwa wake hawafi kwa sababu hiyo.

Alilitazama daftari muda mrefu kuliko alivyomtazama mgonjwa. Akauliza nani kachora.

"Mimi," mama mkwe akasema. "Kuna kosa?"

Hakuna, daktari akajibu. Tena akasema kwa sauti ya chini kwamba ana miaka ishirini kazini na hajaletewa historia ya ugonjwa iliyonyooka namna hii. Akaeleza: damu ichukuliwe homa inapoanza kupanda, isisubiriwe kufika kileleni. Kinachotafutwa kama kipo, saa hiyo ndiyo kiko njiani. Shida ni kwamba wagonjwa hawajui saa hiyo.

Mama mkwe alihesabu kwa vidole, kimyakimya, kama anayesahihisha mtihani. Jumamosi, akasema. Niwe hapa saa sita.

Jumamosi, 16 Machi

Saa sita na dakika arobaini. Imekuja.

Damu imeingia kwenye chupa mbili za kuoteshea wadudu kabla meno hayajaanza kugongana. Kifundo cha mkono kimevimba, kinawaka moto. Amelazwa. Kaomba mto wake.

Jumatatu, 18 Machi

Niandike leo polepole nisije nikasahau chochote.

Asubuhi Daktari Polepole alimtoboa kifundo kwa sindano akavuta maji. Yakaja maabara kwenye kichupa: ya njano, yamechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Kwenye karatasi, jina lake. Nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wetu wa maabara. Tunamwita Bwana Hakika, maana ukimpelekea jibu lolote duniani atakuuliza, una hakika? Nikamwambia huyu ni mama mkwe wangu, sipaswi kumpima. Akasema mwenzangu yuko likizo ya uzazi, mwingine hana. Fanya, nami nitatazama kila kioo baada yako.

Nikapaka tone kwenye kioo. Nikakausha. Rangi ya zambarau, nikaosha. Ayodini, nikaosha. Spiriti. Waridi. Mikono inafanya yenyewe sasa, kama mtu anayesuka.

Kwanza seli nyeupe, zimesongamana. Askari walioitwa wote kwa mkupuo. Nikasogeza kioo. Seli, seli, seli. Na ndani ya moja – jozi.

Vitone viwili vya waridi. Ubavu kwa ubavu, upande bapa umeelekea upande bapa, kama punje mbili za maharage zinazotazamana. Kando yake jozi nyingine. Kisha seli iliyomeza jozi sita au saba na bado imesimama.

Nilinyanyua kichwa. Dirishani mfagiaji alikuwa anafagia. Nikarudi kwenye lenzi, wako palepale.

Nimewaona hawa kabla. Lakini siku zote kwenye maji ya uti wa mgongo, siku zote muuguzi kasimama mlangoni anasubiri jibu, siku zote kuna mtu anakufa. Ni kimelea kinachoua kati ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Hawa wamezunguka ndani ya bibi kizee wiki sita, huku yeye anapiga pasi. Wamefuata ratiba!

Bwana Hakika akatazama. Halafu akasema kwa sauti ya chini: kisonono. Na kicheko kikamtoka puani kabla hajakimeza.

Uso wangu uliwaka. Ubaya ni kwamba hajakosea kuwaza. Kwa macho hawa wawili, kimelea cha homa ya uti wa mgongo na kile cha kisonono, ni ndugu ambao hata mama yao angewachanganya. Na kisonono nacho hupanda viungoni, na huleta homa na madoa. Nikamwambia asiandike jina lolote mpaka kipimo cha sukari, kinachowatenganisha ndugu hao, kiseme. Akanitazama juu ya miwani. Akaandika tu: jozi za waridi, ndani ya seli.

Daktari hakusubiri. Dawa ni ile ile kwa ndugu wote wawili, seftriaksoni, kwenye mshipa, na ameianza leo. Kwa hiyo mwili hautapata shida. Kilichobaki ni jina tu.

Jina tu! Mjane wa miaka sitini na nane, aliyefundisha nusu ya mtaa.

Jumanne, 19 Machi

Nilichelewa kumkinga. Tabibu mmoja anayejifunza, kijana mwenye bidii kupita kiasi, kasoma karatasi, kadhani kisonono, kaenda kitandani kwake na kumuuliza, wodi nzima ikisikia, kama amekutana na mwanamume miezi ya karibuni.

Mgonjwa wa kitanda cha pili ndiye aliyenisimulia, akijifuta machozi ya kucheka. Mama mkwe alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mume wangu amefariki mwaka wa kumi na moja huu," akamwambia. "Kama kuna aliyenijia, basi alikuja nimelala, na hakuacha hata salamu."

Wodi nzima iliangua kicheko. Lakini nilipokwenda kumwona alikuwa amegeukia ukutani, na mkono usiouma umeshika shuka. Nilimpangia mto.

Sahani za kuoteshea wadudu zimeota. Jana niliziweka kwenye mtungi wa mshumaa, ile njia ya kizamani: unawasha mshumaa ndani, unafunga kifuniko, mwanga unanywea wenyewe, na hewa inayobaki ndiyo wanayoipenda. Leo, juu ya sahani rangi ya chokoleti, vishanga vya kijivu vinavyong'aa, kama umande. Nimevigusa kwa dawa ya rangi: zambarau ndani ya sekunde kumi. Na chupa moja ya damu ya Jumamosi imechafuka – wamo humo pia. Hesabu yake iliwakuta njiani.

Nimewapa mirija miwili. Mmoja una sukari ya glukosi, mwingine ya maltosi. Yote myekundu. Anayekula sukari hugeuza mrija kuwa njano. Wa kisonono anakula glukosi peke yake. Wa uti wa mgongo anakula zote mbili. Heshima ya mtu mzima imening'inia kwenye ulafi wa mdudu.

Jumatano, 20 Machi

Nimefika kabla mlinzi hajafungua. Nikafungua kabati la joto nikaitoa mirija.

Njano. Na njano.

Nilikaa kwenye stuli. Bwana Hakika kaingia, kaniona, hajasema salamu. Kakamata mirija, kapeleka dirishani. Mara ya kwanza katika miaka kumi na saba hakuuliza kama nina hakika. Kavaa koti lake jeupe, kafunga vifungo vyote, kaenda wodini peke yake.

Kumbe alikwenda kuomba radhi. Mama mkwe hakuwa na habari hata kidogo kwamba mtu huyo alicheka. Ikabidi amweleze kosa ndipo aombe msamaha wake. Akasikiliza mpaka mwisho. Akamwambia amesamehewa, ila wakati mwingine aoneshe njia kwanza, jibu baadaye.

Daktari Polepole alituweka chini mimi na mume wangu. Kimelea cha uti wa mgongo, ila uti wa mgongo hakikuugusa. Mara chache sana hufanya hivi: kinaishi damuni wiki kwa wiki, kinapiga na kurudi nyuma, halafu kinapanga chumba kwenye kiungo. Wengine huwapata kwenye jicho peke yake, wengine kwenye mapafu. Amesoma habari zake tangu chuoni. Mgonjwa wake wa kwanza ni huyu. Alisema hivyo na macho yanang'aa, kisha akaona aibu, akakunja karatasi zake.

Leo ni siku ya nne. Saa nane imefika. Saa tisa imefika. Saa kumi. Mama mkwe ameandika nukta yake: thelathini na sita na nusu. Mstari umelala. Alikuwa anautazama kama anayetazama uwanja baada ya wanafunzi kuondoka.

Alhamisi, 21 Machi

Kidonge kimoja kwa kila mtu aliyelala naye nyumba moja, tusije tukawa tumebeba kooni bila kujua. Binti kameza kama karanga. Mume wangu, mtu anayebeba friji mgongoni, aliuliza kwanza kama ni lazima, halafu akashukuru Mungu kwamba si sindano.

Ijumaa, 22 Machi

Mama mkwe kaja maabara! Kwa miguu yake, dripu kwenye nguzo ya magurudumu, mkono umefungwa bandeji. Daktari kamruhusu dakika kumi. Nilikuwa nimemwekea kioo kile cha Jumatatu.

Hakujua jicho aliweke wapi. Aliona kope zake mwenyewe. Nikamsogeza bega, taratibu – nadhani ni mara ya kwanza nimemshika bega. Kisha akatulia kabisa.

Alitazama muda mrefu hata nikahofia miguu itamchoka. Midomo ilikuwa inahesabu.

"Mbili mbili," akasema. "Hakuna hata mmoja aliye peke yake."

Nikamwambia ndivyo walivyo. Mmoja anagawanyika kuwa wawili, na hawaachani mbali.

Akauliza ukubwa. Nikamwambia ukipanga elfu moja kwenye mstari, hawavuki ncha ya penseli yake. Akauliza walikuwa wangapi ndani yake. Nikamwambia hakuna aliyewahesabu. Akasema hiyo ni namba angependa kuifahamu. Akatazama tena.

Wakati wa kutoka akasimama mlangoni, ameshika nguzo ya dripu. "Na wewe hivi ndivyo unavyoshinda kutwa," akasema. Halikuwa swali. Nikamwambia ndiyo mama, pamoja na mikojo. Akacheka mpaka akashika kifundo.

Jumapili, 24 Machi

Siku ya nne nyingine. Mstari umelala.

Uvimbe umeshuka. Daktari ameuvuta na kuuosha mara mbili kwa sindano. Vidole vinakunjika. Leo kashika kalamu kwa mkono wa kulia akaandika moja hadi kumi. Saba yake bado ina mkia wa zamani.

Jumatatu, 25 Machi

Homa imerudi.

Na kifua. Anasema kinauma kama mtu kamkalia, akilala chali ndiyo basi, akiinama mbele anapumua. Muuguzi wa zamu alisema dawa imeshindwa. Mume wangu kakaa sakafuni koridoni na nguo zake za kazi, hakuna aliyeweza kumwinua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuwaza dawa gani nyingine ipo stoo.

Mama mkwe ndiye aliyebaki na akili timamu. Alimwita Daktari Polepole, akamwekea daftari mbele, akagonga mraba kwa ukucha.

"Hii si ile," akasema. "Siku si yake. Ile ingekuja jana."

Daktari akamtazama. Akaweka kisikilizio kifuani, akamwinamisha, akasikiliza mahali pale pale kwa muda. Akanipa na mimi nisikilize. Niliusikia: mkwaruzo, juu ya kila pigo la moyo, kama viatu vipya vya ngozi vinavyotembea. Kumbe moyo una mfuko, na mfuko umevimba, na kila pigo linausugua.

Akatueleza. Damu tuliyoipima juzi haina kitu. Wadudu wamekufa. Lakini jeshi la mwili halijapata habari. Linaendelea kupiga mahali ambapo adui alipita. Hutokea kwa baadhi, siku ya tano, ya saba. Haitaki dawa mpya ya kuua. Inataka ya kutuliza – vidonge vya kupunguza uvimbe, na kumwangalia maji yasijae kwenye mfuko. Seftriaksoni iendelee hadi siku zake zitimie.

Nimerudi nyumbani na masikio bado yanasikia viatu. Mtu unaishi miaka arobaini na tatu hujui kwamba moyo unatembea.

Jumatano, 27 Machi

Maumivu yamepungua. Homa imeshuka taratibu, haikuanguka ghafla kama zile za awali. Kachora mteremko wenyewe, kaandika pembeni: tofauti.

Daktari alikuja kukaa naye. Si kwa haraka, bila shaka. Akamuuliza habari ya ukoo. Nani aliugua nini, nani alikufa mdogo.

Mama mkwe akalifunga daftari. Kisha akasema alikuwa na kaka. Mume wangu aligeuka – hakuwahi kusikia. Kaka alikuwa na miaka tisa, yeye saba. Asubuhi walicheza pamoja, kaka akalalamika kichwa. Mchana alikuwa na madoa meusi miguuni. Walikuwa hawajawasha taa bado alipokata roho. Mama yao alichoma shuka, na jina la mtoto halikutajwa tena kwenye nyumba ile. Miaka sitini na moja, na yeye hakulitaja pia.

Akamtajia daktari jina hilo. Sitaliandika hapa. Alilisema kwa sauti ya mtoto.

Mume wangu alishika mguu wa kitanda. Mimi nilikuwa nafikiria vile vitone viwili. Wale wale. Mmoja walimwacha wiki sita, mwingine hata siku moja hawakumpa.

Daktari akaweka kalamu chini. Halafu akasema ndugu wawili kushikwa na mdudu mmoja huenda ni upungufu wa kinga; kipimo chake hapa hakipo. Angependa damu yake iende maabara kuu.

Jumanne, 2 Aprili

Nimesafiri na kichupa cha damu kwenye kasha la barafu, nimekipakata kama mtoto mchanga. Mtaalamu wa damu wa maabara kuu ni mama mfupi mwenye sauti nzito, aliyeniona nimevaa koti jeupe akaniambia basi simama hapa, utazame, sipendi watu wa kazi wasubiri nje.

Kumbe damuni kuna protini zinazofanya kazi kwa kupokezana. Ya kwanza inaamsha ya pili, ya pili ya tatu, mpaka kundi la mwisho linaloungana kuwa pete na kumtoboa mdudu tundu. Tundu halisi. Maji yanaingia, anapasuka. Kwa vimelea vingine mwili una njia nyingi za kuua. Kwa hizi jozi, tundu ndilo hasa tegemeo.

Kipimo ni kizuri hadi kinatia huzuni. Unachukua chembe nyekundu za kondoo, unazipaka alama, unatia majimaji ya damu ya mgonjwa, unaweka kwenye maji ya joto la mwili. Ikiwa protini zote zipo, chembe zinatobolewa, zinapasuka, na mrija uliokuwa mzito kama uji unakuwa mwangavu, mwekundu, unasoma maandishi ng'ambo yake. Aliuliza nani mzima wa kulinganisha naye. Nikanyoosha mkono wangu mwenyewe.

Dakika thelathini. Wangu ulikuwa mwangavu kama kioo cha dirisha la rangi. Nilijivunia kijinga, kana kwamba nimefaulu mtihani.

Wa mama mkwe haukubadilika. Uji. Hata chembe moja haikupasuka.

Amezaliwa bila pete hiyo. Maisha yote! Amekaa darasani miaka thelathini na minne, watoto sitini wanakohoa, bila mlango wa nyuma kufungwa. Nikamuuliza mtaalamu, sasa kapona vipi, wiki sita bila kinga? Akasema hilo ndilo linalomstaajabisha hata yeye kila mara. Wenye upungufu huu hushikwa na mdudu huyu kwa urahisi, wengine mara mbili, mara tatu. Lakini mara nyingi hushikwa kwa upole. Vita vikiwa vidogo, uharibifu unakuwa mdogo. Si mara zote, akaongeza. Nikamwaza kaka yake mama mkwe, ingawa nilikuwa sijamtaja.

Kuna chanjo. Kuna maelekezo: homa yoyote, hospitali saa hiyo hiyo. Na huu ni urithi, akasema. Walete wa damu yake.

Jumatatu, 8 Aprili

Naandika nimekaa kwenye kiti cha maabara kuu, daftari juu ya goti. Mtaalamu ameniruhusu mimi na mama mkwe tukae ndani. Mume wangu yuko nje na pamba kwenye mkono. Alifumba macho tangu mlangoni, akasema tu, maliza.

Mirija mitatu ndani ya maji ya joto la mwili. Wangu wa kulinganishia. Wa mdogo wake mama mkwe, mama mdogo tuliyemtoa mbali, yuko koridoni anaongea na kila mtu. Wa mume wangu. Mtaalamu ameeleza kwenye karatasi, vipande viwili vya urithi, kimoja kutoka kila mzazi; pete hukosekana vyote viwili vikiwa vibovu. Kwa mume wangu kimoja kibovu ni hakika, cha mama yake. Cha pili kinategemea marehemu baba yake. Uwezekano ni mdogo sana. Mama mkwe aliomba karatasi, akaikagua hesabu, akairudisha. Ni sahihi, akasema.

Binti yuko shuleni. Mwalimu ameambiwa tukipiga simu amwite.

Dakika kumi. Uji, uji, uji.

Dakika kumi na tano. Wangu unaanza. Unaanzia juu, kama kunapambazuka ndani ya mrija.

Dakika kumi na nane. Wa mama mdogo. Mwekundu, unapenya mwanga! Mama mkwe ameshika ukingo wa meza. Machozi yanamshuka, lakini macho hayatoki kwenye rafu.

Dakika ishirini na mbili. Nimevua miwani nikaifuta. Nimeivaa.

Mtaalamu anasema kusubiriwe thelathini kamili, hasomi kabla. Ameuelekeza mrija wa kwanza dirishani, nikasoma maandishi ya kalenda ng'ambo yake. Wa pili, nikasoma. Wa tatu ameuinua, kalenda haionekani, ameushusha, ameurudisha majini.

Dakika ishirini na sita. Mlango umefunguliwa. Mume wangu kaingiza kichwa, anatabasamu ile tabasamu ya mtu aliyekwisha kuchomwa. Anauliza wake ni upi.

Nimefungua mdomo. Mama mkwe kanitangulia. Ameinuka, amesimama kati yake na rafu, mgongo wima, mikono yote miwili nyuma imeshika ukingo wa meza.

"Kaa kwanza, mwanangu," anamwambia. "Nataka kukueleza habari zote za mjomba wako."